Salfa, bibo na mchicha: kikomo cha mabaki ya viuatilifu kinapima nini hasa?

Mwezi wa saba, kabla jua halijachomoza, ukisimama pembeni mwa barabara itokayo Newala kwenda Tandahimba utasikia mlio wa blowa, mashine za kupulizia dawa, kutoka pande zote, na muda si mrefu utaona wingu la rangi ya manjano likipanda juu ya mikorosho na kukaa hapo bila kusogea. Hewa imetulia, umande bado uko kwenye majani, na hiyo ndiyo saa ambayo salfa, dawa ya unga ya kuikinga mikorosho na ukungu, hushika vizuri. Wapulizaji wengi hujifunga kitambaa puani, na wenye miwani ni wachache. Jua likipanda na upepo ukianza, kazi husimama mpaka kesho. Miezi mitatu au minne baadaye korosho za mikorosho hiyohiyo zitakuwa ghalani zikisubiri mnada, na mahali fulani, pengine mbali sana na Newala, mtaalamu wa maabara atasaga kokwa chache, atazipitisha kwenye mashine ya kromatografia na kuuliza swali moja tu: mna nini humu, na kwa kiasi gani?

Kati ya lile wingu la alfajiri na swali hilo la maabara kuna mlolongo wa sheria, mamlaka, mikataba na hesabu ambao wengi wetu tunauzungumzia kwa neno moja, "sumu", kisha tunagawanyika. Wapo wanaoamini kwamba kilichosajiliwa na serikali ni salama, na maneno yameisha. Wapo wanaoamini kwamba kila kilichopulizwa ni hatari, nao kwao maneno yameisha. Pande zote mbili hukosea kwa sababu ileile: zinalichukua suala la usalama wa kiuatilifu, yaani dawa ya kuulia wadudu na magonjwa ya mimea, kuwa swali moja, ilhali ni maswali matatu. Kinamfanya nini anayepuliza? Kinamfanya nini anayekula? Kinaifanya nini ardhi? Kila swali lina kipimo chake na msimamizi wake, na jibu la moja haliwezi kutumika kulijibu jingine. Mikoa ya Mtwara na Lindi ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, kwa kuwa dawa inayotumika kwa wingi kuliko zote huku kwetu ndiyo inayoonyesha wazi kabisa jinsi majibu hayo yanavyoweza kupishana.

Salfa haikuja Kusini kwa bahati. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho ghafi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamishiwa vijijini wakaacha mashamba ya mbali yageuke pori, na bei ilikatisha tamaa. Pamoja na hayo, mwishoni mwa miaka ya 1970 uliingia ugonjwa wa ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga unaofunika maua na majani machanga mpaka ua linakauka kabla ya kushika korosho. Watafiti wa kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walifanya majaribio ya dawa mbalimbali, na salfa ya unga ikawa ndiyo ngao ya kwanza. Mwongozo uliozoeleka ni robo kilo kwa mkorosho mmoja kwa kila mpulizo, na mpulizo hurudiwa kila baada ya wiki mbili wakati wa maua. Mwenye mikorosho 100 akipuliza mara tano anamaliza mifuko mitano ya kilo 25. Ukizidisha hesabu hiyo kwa mikorosho yote ya Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea na Liwale, utaelewa kwa nini meli za salfa zinapotia nanga bandarini Mtwara huwa ni habari ya mjini.

Sasa tuanze na mlaji. Kwake, salfa karibu haina kesi. Ni elementi ya asili iliyomo hata katika protini za miili yetu, kilimo hai kinairuhusu, Marekani haiwekei mabaki yake kikomo katika chakula, na Umoja wa Ulaya umeiingiza katika orodha ya vitu visivyohitaji kikomo. Mnunuzi wa kokwa aliyeko Ulaya hana haja ya kuuliza korosho hii ilipulizwa salfa kiasi gani.

Lakini muulize aliyeshika blowa. Salfa ya unga huchoma macho, huwasha ngozi yenye jasho, na ikivutwa kifuani huleta kikohozi ambacho mwenye pumu hawezi kukichukulia kama kikohozi cha kawaida. Vumbi lake hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo sigara na blowa havipaswi kukutana. Ukiiuliza ardhi, jibu ni baya zaidi kwa muda mrefu. Bakteria wa udongo huigeuza salfa kuwa asidi ya salfuriki, na udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde, ambao tangu asili ni mchachu na hauna uwezo mkubwa wa kuhimili uchachu zaidi, hupoteza rutuba kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Utafiti uliofanywa katika mashamba ya korosho ya Kusini tangu miaka ya 1990 umeonyesha mabadiliko hayo chini ya mikorosho iliyopulizwa kwa misimu mingi. Hayo hayaonekani katika korosho, wala hayatapimwa na maabara ya mnunuzi. Yatamkuta mjukuu atakayepanda mihogo na karanga mahali hapohapo.

Nimekaa sana kwenye salfa kwa makusudi, maana ukilishika hili, mengine yote yanafunguka: dawa isiyo na kikomo cha mabaki inaweza kumuumiza mpulizaji na kuichosha ardhi, na dawa yenye kikomo kikali cha mabaki inaweza kuwa haina madhara makubwa kwa anayeipuliza akiwa amevaa vizuri.

Serikali inaingiaje hapa? Kwa miongo minne usajili wa viuatilifu ulikuwa mikononi mwa TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Sheria ya Afya ya Mimea Namba 4 ya mwaka 2020 ilibadilisha mpangilio huo, ikaunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo wengi tunaifahamu kwa kifupi chake cha TPHPA, na kuiweka chini yake kazi ya karantini ya mimea pamoja na ile ya viuatilifu. Kwa mujibu wa utaratibu huo, hakuna kiuatilifu kinachoruhusiwa kuingizwa, kutengenezwa, kuuzwa au kutumika nchini bila kusajiliwa, na anayeuza lazima awe na kibali. Anayeomba usajili hupeleka taarifa za kemia ya dawa, za sumu yake kwa binadamu, za athari zake kwa samaki, nyuki na maji, na dawa hiyo hujaribiwa shambani katika mazingira yetu ili kuthibitisha kwamba inafanya kazi inayodaiwa. Kwa dawa za korosho, majaribio hayo ndiyo kazi ya Naliendele.

Jambo ambalo mkulima halielezwi vya kutosha ni kwamba usajili hautolewi kwa dawa peke yake, hutolewa kwa dawa pamoja na matumizi yake. Cheti kinasema dawa hii, kwa zao hili, kwa mdudu huyu, kwa kipimo hiki, mara kadhaa, na siku kadhaa kabla ya kuvuna. Chupa iliyosajiliwa kwa ajili ya pamba ikipulizwa kwenye nyanya imegeuka kuwa dawa isiyosajiliwa, japo nembo ya serikali iko palepale kwenye lebo. Kwa maneno mengine, lebo ni sehemu ya sheria iliyobandikwa kwenye chupa, na ndiyo maana inatakiwa iwe kwa Kiswahili. Ule utepe wa rangi ulio chini ya lebo nao una maana yake: nyekundu ni sumu kali kabisa, njano inafuata, kisha bluu, kisha kijani. Rangi hizo zinafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani, ambayo hupima uwezo wa dawa kudhuru papo kwa papo, hasa ikimezwa au ikipenya kwenye ngozi. Utepe wa kijani haukuambii lolote kuhusu mabaki kwenye mboga. Ni jibu la swali la mpulizaji, na wengi hulisoma kama jibu la mlaji.

Juu ya sheria ya nchi iko mikataba. Mkataba wa Rotterdam, uliopitishwa mwaka 1998, unaitaka nchi inayouza nje kemikali zilizo katika orodha yake ipate kwanza ridhaa ya nchi inayopokea. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaziondoa au kuzibana zile zinazodumu katika mazingira bila kuoza na kujikusanya katika mafuta ya viumbe. DDT imo, ikiachiwa nafasi finyu ya kupambana na mbu wa malaria, na endosalfani, iliyotumika sana kwenye pamba na mazao mengine, iliingizwa mwaka 2011. Tanzania ni mwanachama wa mikataba yote miwili.

Tukija kwa mlaji, tunahitaji hesabu kidogo, na naomba msomaji asiiruke, kwa kuwa hapa ndipo upotoshaji mwingi unapozaliwa. Hatua ya kwanza ni kutafuta dozi ambayo wanyama wa maabara wakipewa kila siku hawaonyeshi athari yoyote. Tuchukue mfano wa kubuni: milligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Dozi hiyo hugawanywa kwa 100, kwa sababu binadamu anaweza kuathirika kwa urahisi kuliko panya mara 10, na baina ya binadamu wenyewe, mtoto, mjamzito au mgonjwa anaweza kuathirika kuliko mwenzake mara 10 nyingine. Tunapata milligramu 0.01 kwa kilo. Hicho ndicho kiwango cha kila siku ambacho mtu anaweza kula maisha yake yote bila madhara yanayotambulika. Mtu mzima wa kilo 60 ana nafasi ya milligramu 0.6 kwa siku, na mtoto wa kilo 15 ana milligramu 0.15 tu.

Hatua ya pili haihusiani na panya hata kidogo. Watafiti hupanda zao, tuseme mchicha, wakaupuliza kwa kufuata lebo barabara: kipimo cha juu kinachoruhusiwa, idadi ya juu ya mipulizo, na muda mfupi kabisa wa kusubiri kabla ya kuvuna. Kisha hupima kilichobaki. Tuseme kilichobaki hakizidi milligramu 0.3 kwa kilo ya mchicha. Kikomo cha juu cha mabaki kitawekwa juu kidogo ya hapo, tuseme 0.5, ili mkulima aliyefuata lebo asije akahukumiwa kwa tofauti ndogo za mvua na jua.

Hatua ya tatu inaziunganisha hizo mbili. Mtoto wa kilo 15 akila gramu 100 za mchicha wenye mabaki ya 0.5, anapata milligramu 0.05, yaani theluthi moja ya nafasi yake ya siku, na theluthi mbili zinabaki kwa vyakula vingine vyenye dawa hiyohiyo. Matumizi hayo yatakubaliwa. Kama hesabu ingevuka nafasi yake, matumizi yangekataliwa hata kama dawa inaua viwavi vizuri namna gani.

Kwa hiyo kikomo cha mabaki ni kipimo cha utii wa lebo kwanza. Mchicha ukikutwa na 0.8, kikomo kimevukwa, mkulima au muuzaji amekosea, na shehena inaweza kuzuiwa kihalali. Lakini yule mtoto amepata milligramu 0.08, ambazo bado ziko chini ya 0.15. Mchicha ukikutwa na 2, mambo yanabadilika. Mtu mzima akila robo kilo anapata 0.5 na kubaki ndani ya nafasi yake, wakati mtoto akila zile gramu 100 anapata 0.2 na kutoka nje ya nafasi yake. Mboga moja, chungu kimoja, majibu mawili. Ndiyo sababu wanaoweka vikomo hukokotoa chakula cha mtoto peke yake, na huwa na kipimo kingine cha dozi kubwa ya siku moja, mbali na kile cha maisha yote.

Hesabu hizi kimataifa hufanywa na jopo la pamoja la Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) linaloshughulikia mabaki ya viuatilifu, na vikomo vyenyewe hupitishwa na Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na mashirika hayo mawili mwaka 1963. Codex haina polisi wala mahakama, ila tangu Shirika la Biashara Duniani lianze kazi mwaka 1995 viwango vyake vimekuwa rejea pale nchi mbili zinapobishana kuhusu usalama wa chakula. Hapa nchini jukumu la usalama wa chakula lilihamishiwa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, mwaka 2019. Maana yake ni kwamba chupa ya dawa ina mwenyewe, na fungu la mchicha lina mwenyewe mwingine. Maafisa ugani walio kati ya hao wawili wako chini ya halmashauri, na mpulizaji mwenyewe, akihesabiwa kama mfanyakazi, yuko chini ya sheria za usalama kazini. Simlaumu yeyote katika mpangilio huu. Nasema tu kwamba mwananchi mwenye malalamiko anaweza kuzunguka wiki nzima bila kujua mlango upi ni wake.

Masoko ya nje yana vikomo vyake. Umoja wa Ulaya, chini ya kanuni yake namba 396 ya mwaka 2005, na Japani, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2006, wanatumia kanuni inayofanana: dawa isiyokuwa na kikomo mahususi kwa zao fulani inahesabiwa kikomo cha jumla cha milligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni gramu moja ndani ya tani 100. Kwa magunia ya korosho ya kilo 80, ni gramu moja iliyotawanywa katika magunia 1,250. Huko Ulaya kiasi hicho hakikutokana na panya yeyote. Kiliwekwa kwa sababu ni karibu na mwisho wa uwezo wa vipimo vya kawaida, kama njia ya kusema kwamba mabaki hayaruhusiwi. Mkulima wa ufuta wa Kilwa au Nachingwea hana budi kulifahamu hili kuliko wa korosho, kwa maana Japani ni mnunuzi mkubwa wa ufuta, na punje ya ufuta haina ganda gumu la kuikinga. Korosho zetu nyingi huenda ghafi India na Vietnam, zikabanguliwa huko, na kokwa zikaendelea Ulaya na Marekani, kwa hiyo kanuni ya Ulaya inamfikia mkulima wa Tandahimba kwa kupitia kiwanda cha Vietnam bila yeye kuletewa barua yoyote.

Vikomo hivyo pia hubadilika. Klopirifosi ilikuwa dawa ya kawaida duniani kwa zaidi ya miaka 50. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuhuisha idhini yake, kwa hofu ya madhara yake kwenye ukuaji wa ubongo wa watoto, na mwaka huohuo vikomo vyake vikashushwa hadi 0.01. Mwaka 2025 ikaingizwa katika Mkataba wa Stockholm, pamoja na misamaha kwa matumizi kadhaa. Kwa mkulima aliyebakiwa na nusu chupa stoo, dawa ni ileile, mdudu ni yuleyule, na lebo haijajiandika upya.

Sasa nirudi kwenye mkorosho, kwa sababu kuna jambo moja ambalo naona halizungumzwi inavyostahili. Mbali na salfa, mikorosho hupulizwa dawa za maji: viuakuvu kama triadimenoli na heksakonazoli, ambazo hunyonywa na mmea, hurudiwa kwa takribani wiki tatu, na zinatumika kwa kiasi kidogo sana zikilinganishwa na salfa, na viuadudu vya jamii ya pairethroidi dhidi ya mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi na korosho changa na kuacha madoa meusi. Korosho yenyewe imejengewa nyumba: ganda gumu, mafuta makali yanayounguza, kisha ngozi nyembamba, ndipo kokwa. Kilichopulizwa juu kina safari ndefu kabla ya kulifikia tumbo la mlaji.

Bibo, lile tunda ambalo korosho huning'inia chini yake, halina nyumba hiyo. Ngozi yake ni laini, linaliwa zima lilivyo, na linaliwa hapohapo chini ya mti. Codex inalitambua hili. Katika orodha yake ya mazao, kokwa ya korosho imewekwa katika kundi la karanga za miti, na bibo limewekwa katika kundi la matunda ya tropiki yanayoliwa na ganda lake. Mti mmoja, mpulizo mmoja, mazao mawili yenye vikomo viwili tofauti. Tena mkorosho hauchanui siku moja. Mwezi wa tisa utaona kwenye mti uleule maua, korosho changa za kijani na mabibo mekundu yaliyoiva. Mwenye shamba anapuliza kuokoa maua ya mwisho, na watoto wanaotoka shule wanaokota ya kwanza. Watu wazima nao hukamua juisi na uraka, na wengine huyakausha. Kukausha hakuondoi dawa zote. Maji ndiyo yanayotoka, dawa hubaki, na kiasi chake kwa kila kilo kinaongezeka.

Sisemi kwamba mabibo yetu yana sumu. Nasema kwamba mjadala wetu wote wa mabaki umejengwa juu ya kokwa inayouzwa nje, yenye ganda, huku tunda linaloliwa na watoto wa Kitangari na Mnyambe likiwa halimo katika mazungumzo ya mnada wala ya semina. Sampuli za mabibo zingestahili kupimwa kila msimu kama zinavyopimwa kokwa, na ratiba ya mpulizo wa mwisho ingestahili kutangazwa kijijini kwa kipaza sauti kama inavyotangazwa tarehe ya mnada.

Na mboga? Hapa ndipo penye uzito zaidi, kwa sababu kati ya mpulizo na sufuria mara nyingi kuna siku chache tu. Mwaka jana nilikuwa katika duka la pembejeo katika mji mmoja wa Kusini, mzee mmoja akaingia akaamkia, akaomba "ile ya kuua wadudu, ile kali." Kijana wa dukani alitoa chupa ya lita moja kutoka chini ya kaunta, akamimina kidogo ndani ya chupa ya soda, akafunga kizibo, akasema, "Mjomba, vifuniko viwili kwa bomba." Mzee akauliza ni ya zao gani. "Zote." Basi. Katika dakika ile moja kila kitu kilichofanywa Arusha, vyeti, majaribio ya misimu, tarakimu za mabaki, siku za kusubiri, kilibaki kwenye lebo ya chupa kubwa iliyorudishwa chini ya kaunta. Kumimina dawa kwenye chupa nyingine ni kosa kisheria, na sababu yake inaeleweka kirahisi: mtoto ataona soda, na mkulima hataona siku. Hata hospitalini, mtu akiletwa anatokwa na mate na jasho, mboni zimekuwa ndogo na misuli inatetemeka, kitu cha kwanza anachohitaji daktari ni jina la kiambata amilifu, yaani kemikali yenyewe inayofanya kazi ndani ya dawa, na jina hilo liko kwenye lebo.

Muda wa kusubiri ndio moyo wa jambo lote. Baada ya kupulizwa, dawa huvunjwavunjwa na jua, maji na kemia ya mmea wenyewe, kila moja kwa kasi yake. Ndiyo maana lebo moja itasema siku 3 na nyingine siku 21, na dawa ileile inaweza kuwa na siku tofauti kwa nyanya na kwa kabichi. Kuosha kwa maji mengi husaidia kwa dawa zinazokaa juu ya jani. Kwa zile zinazonyonywa, maji hayazifikii, na kinachobaki ni siku. Hakuna mkaguzi anayeweza kusimama shambani siku hizo zote. Kutoka Mtwara hadi maabara ya Arusha ni zaidi ya kilomita 1,000, na mchicha uliovunwa asubuhi umeshapikwa jioni. Hata sampuli ikichukuliwa, majibu yatamkuta mlaji ameshakula. Upimaji wa mboga kwa hiyo hauwezi kuwa lango kama ulivyo kwa shehena ya korosho bandarini. Kazi yake ni kuonyesha mwenendo, soko gani na zao gani vina tatizo mwaka hadi mwaka, ili maafisa ugani wajue waende wapi. Kwa kazi hiyo Kusini inastahili maabara yake ya karibu, na wakati inasubiriwa, afisa ugani mwenye pikipiki na mafuta atapunguza mabaki kuliko mashine.

Zipo pia njia za kupunguza mpulizo wenyewe. Mikorosho iliyopogolewa ikapitisha hewa na mwanga hupata ubwiriunga kidogo, na sisimizi wa maji moto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota, hula na kuwafukuza mbu wa mikorosho. Mwenye maji moto mengi mtini anaweza asihitaji kiuadudu kabisa. Wakulima wengi huwachukia kwa sababu huwauma wakati wa kazi, wakawapuliza nao.

Katika bonde la Mto Lukuledi, upande wa Lindi, nilimkuta mama mmoja mwenye matuta 11 ya mchicha, na mwanzoni mwa kila tuta alikuwa amechomeka kijiti chenye kipande cha gunia kilichoandikwa kwa mkaa. Nilidhani ni majina ya mbegu. Zilikuwa tarehe. Nilimwomba mafungu mawili kutoka tuta lililokuwa karibu yangu, lenye majani mapana yasiyo na tundu hata moja. Aliinama akasoma kijiti, akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Hilo bado, mwanangu. Hilo Jumapili," akasema, akaenda kunichumia katika tuta la saba, ambalo majani yake yalikuwa yametobolewa kidogo na viwavi.